Mashine ya MIG huku Tabora: mashine utaipata, kasheshe ni gesi

Kama uko Tabora mjini, Nzega, Urambo au Sikonge na umeshaanza kudunduliza hela ya mashine ya MIG, ile ya kuchomelea kwa waya unaojisukuma wenyewe huku gesi inalinda mshono, kabla hujamtumia mtu wa Dar hata shilingi moja nenda kwanza katafute gesi. Sisemi ya kupikia, nasema CO2, mtungi wake na mahali pa kuujaza ukiisha. Ukishajua itatoka wapi na itakufikiaje ndio urudi kwenye habari za mashine, maana mashine siku hizi ni suala la kupiga simu na kusubiri basi, mtungi wa gesi hauji hivyo.

Mimi nachomelea Isevya, hapa Tabora mjini. Kazi zangu ni zile zile za kila fundi, mageti, madirisha, grili, stendi za matenki, na msimu wa tumbaku ukikaribia wanakuja wazee wa Sikonge na mabomba ya mabani ya kukaushia tumbaku yaliyotoboka wanataka yazibwe leo leo. Miaka yote nimekula kwa mashine ya vijiti na sina ugomvi nayo mpaka kesho. Kilichonisukuma ni skwea paipu. Unanunua geji 16, ambayo inatakiwa kuwa kama milimita moja na nusu, ukiweka vernia ya kupimia unene unakuta 1.2, na kuna mzigo mwingine hata hiyo 1.2 haufiki. Sasa chukua kijiti cha 2.5 uchomee bomba la namna hiyo, ukichelewa kidogo tu limetoboka, unaanza kuziba tundu, tundu linakuwa kubwa zaidi, unakata kipande cha nondo unaziba, unapiga grainda, unapaka pati, rangi juu, mteja anasifia geti zuri na wewe unajua kilichopo chini ya pati.

Mashine nilichukua ya ampia 200, inveta, ile inayofanya MIG na vijiti humo humo, ikanitoka kama laki tisa na nusu Gerezani, Dar, bila usafiri. Hiyo ndio ilikuwa hela ndogo. Ukijumlisha mtungi, regyuleta ya kupunguza mgandamizo wa gesi, waya, nyaya nene za umeme, breka, plagi na helmeti ya kueleweka, mimi vyote hivyo viliipita bei ya mashine yenyewe. Kwahiyo mtu akikwambia MIG ni laki tisa, wewe zidisha mara mbili kichwani kisha uangalie kama bado unaitaka. Kwenye boksi nilikuta tochi ya mita tatu, klampu ya ethi, mpira wa gesi, tipu chache za akiba (kile kichwa kidogo cha mbele ya tochi ambacho waya unatokea), brashi na ile ngao ya mkono ya plastiki ambayo watoto wanachezea sasa hivi. Waya hamna, regyuleta hamna.

Umeme

Mashine ya ampia 200 ukiifungulia mpaka juu inaweza kula zaidi ya ampia 30 ukutani. Plagi zetu za pini tatu mwisho wake ni ampia 13. Kwa bati na bomba jembamba unafanya kazi chini ya ampia 100 kwahiyo plagi itavumilia vumilia, inapata joto tu, ila siku ukileta engo laini nene au pleti unaanza kusikia harufu ya plastiki. Usisubiri harufu. Mwite fundi umeme akufungie laini ya peke yake kutoka kwenye mita, waya wa milimita 4 au zaidi, breka ya ampia 32 na ile plagi ya bluu ya mviringo. Mimi fundi umeme alinipiga hesabu nikaona ananionea, nikaenda kuuliza bei ya waya dukani nikarudi kwake kimya kimya.

Na ekstensheni ndefu nyembamba iogope. Kuna siku nilipeleka mashine kwa jirani nyuma ya nyumba kwa waya wa 1.5 uliokuwa umezungushwa kwenye gurudumu, nikaweka vilevile nilivyoweka karakana, ikawa inatema mate tu, waya unagonga chuma unajikata, tap tap tap. Kupima na mita wakati kijana wangu anachomea, volti zilizokuwa 230 zimeporomoka chini ya 190. Hapo hata ungekuwa na mkono wa namna gani hutoboi. Jioni pia, watu wakiwasha majiko na mafriji, umeme unalegea, kwahiyo kazi za bati jembamba mimi nazifanya asubuhi.

Kuanza bila gesi

Mtungi ulikuwa bado sijaupata na hela imeshalala kwenye mashine, nikaanza na waya wa gasilesi, ule wenye unga wa flaksi ndani yake, kwenye boksi wanaandika E71T-GS. Unachoma bila mtungi, moshi wa flaksi ndio unalinda chuma, na unabaki na magamba ya kugonga kama ya kijiti. Kwa mtu wa mikoani ni mkombozi kabisa ila kuna mambo mawili ambayo muuzaji hatakuambia, pengine hata yeye hayajui.

La kwanza polariti. Mashine yangu ilitoka kiwandani imefungwa kwa ajili ya gesi, yaani tochi iko chanya na ethi iko hasi. Waya wa gasilesi wa aina hiyo unataka kinyume chake, tochi hasi, ethi chanya. Ukiwasha bila kubadilisha utapata cheche za kutosha kuwasha mkaa na mshono unakaa juu juu haujaingia kwenye chuma. Fungua mlango wa pembeni au angalia chini mbele, kuna kiwaya kifupi kinene kinachochomekwa kwenye + au kwenye −, ndicho cha kuhamisha, na ethi nayo unaipeleka upande wa pili. Zima mashine kwanza jamani. Na siku ukirudi kwenye gesi na waya mkavu, usio na unga ndani, wa ER70S-6, urudishe tochi chanya. Mimi nimeandika kwa maka peni kwenye mlango wa mashine, GESI = TOCHI +, BILA GESI = TOCHI −, kwa sababu hapa karakana tuko watu watatu na kila mtu ana kichwa chake.

La pili ni rola, vile vigurudumu vinavyosukuma waya. Waya wa gasilesi ni laini, ndani una unga, unataka rola yenye meno. Waya mkavu unataka rola yenye mfereji wa V. Rola nyingi zina mifereji miwili, ya 0.8 na 1.0, na namba zimegongwa ubavuni, ila kuwa makini, kwa baadhi ya rola namba unayoiona ukiwa umesimama mbele ndio ya mfereji ulio upande huo na kwa nyingine ni ule wa ndani, kwahiyo weka waya uangalie kwa macho unakaa wapi.

Waya unavyojisokota

Hiki ndicho kitu kitakachokutoa jasho mwanzoni kuliko hata kuchomea kwenyewe. Unabonyeza tochi, rola zinazunguka, waya hautoki mbele, ukifungua mlango unakuta umejirundika pale katikati ya rola na mlango wa laina, ile njia ya ndani ya mpira wa tochi inayopitisha waya, waya wa hela unakata unatupa. Sababu zake kwa uzoefu wangu ni hizi hizi. Tipu imeziba au ni ndogo kuliko waya. Mpira wa tochi umekunjwa. Breki ya spuli imekazwa sana, au imelegea mno mpaka ukiachia kitufe spuli inaendelea kuzunguka na waya unamwagika ndani. Au umekaza skrubu ya rola kwa hasira.

Kukaza rola kuna kipimo chake cha kienyeji, elekeza waya unaotoka kwenye kipande cha ubao, sentimita chache hivi kutoka kwenye nozo, ubonyeze. Waya ukifika kwenye ubao unatakiwa upinde uendelee kuja. Ukisimama na rola inateleza, kaza kidogo. Ukiuziba kabisa kwa nguvu na rola bado inasukuma mpaka waya unajirundika, umekaza mno, legeza. Kwa waya wa gasilesi usikaze sana, unaubonda unakuwa bapa na bapa haipiti kwenye tipu.

Wakati wa kupitisha waya mpya toa nozo na tipu kabisa, nyoosha tochi chini iwe imenyooka, kata ncha ya waya na uipige faili isiwe na kucha maana kucha inachana laina ndani, halafu ndio usukume. Waya ukitokeza ndio unarudisha tipu. Tipu za tochi ndogo hii ya aina ya 15AK zina nyuzi za M6, na nimeshauziwa za nyuzi nyingine hapa mjini nikaambiwa "zote moja fundi". Nenda na ya kwako mfukoni uifunge pale pale dukani. Nunua za 0.8 pakiti nzima ukipata, tipu inakufa ghafla, waya unaungua unagandia ndani, na bila tipu mashine yote ya laki tisa ni stuli ya kukalia.

Vumbi letu la kiangazi nalo usilidharau. Linakaa kwenye waya, linaingia kwenye laina, mwisho waya unatoka kwa kushtuka shtuka. Mimi nimebana kipande cha sponji kavu kwa pegi ya nguo kwenye waya kabla haujaingia kwenye rola, ukipita unafutwa. Baada ya wiki sponji ni nyeusi. Mvua zikianza Novemba adui anakuwa kutu, spuli isiyotumika natoa naifunga kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu waya wenye kutu unakula laina na unaleta vitundu kwenye mshono. Spuli ya kilo 15 ina unafuu kwa kilo kuliko ya kilo 5, ila kwa karakana ndogo ya huku kilo 5 ndio saizi, unaimaliza kabla haijaharibika, na kwanza angalia mashine yako inabeba spuli gani, yangu hiyo kubwa haiingii hata kwa maombi.

Gesi sasa

Hapa mjini oksijeni utaipata, gesi za kukatia chuma utaambiwa zilipo, ya kupikia ipo kila kona. CO2 ndio ukiuliza watu wanakutazama. Mmoja aliniuliza kama nafungua kiwanda cha soda, na hakukosea sana, kwa sababu hiyo hiyo ndio inayowekwa kwenye soda. Cha ajabu nchi hii CO2 tunayo ya asili, TOL Gases wanaivuna kutoka ardhini kule Rungwe mkoani Mbeya, kwenye ile milima ya volkano, ila kutoka kuwepo nchini mpaka kufika Isevya ni safari nyingine.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja anayehudumia mitungi ya zimamoto. Akaniambia, "Kaka, CO2 ni CO2, ya kuzimia moto na ya kwako hazina tofauti." Na kwenye gesi yenyewe alisema kweli. Tofauti iko kwenye mtungi. Ule wa zimamoto ndani una bomba linaloshuka mpaka chini, kwa sababu CO2 humo ndani iko kimiminika na wao wanataka kitoke kimiminika kwa kasi kikazime moto. Sisi tunataka mvuke wa juu. Ukifunga regyuleta kwenye mtungi wenye lile bomba, kimiminika kinaingia kwenye regyuleta, inaganda barafu nyeupe na inaweza kupasuka ndani. Mtungi wa hivyo unaweza kutumika bomba likitolewa, lakini kazi hiyo ifanywe na wanaojaza gesi wenye vifaa vya kupima mgandamizo, sio wewe na spana ya bomba chini ya mwembe. Mimi niliachana nao.

Mwisho niliupata Mwanza, kwa wauzaji wa gesi za viwandani. Mtungi unanunua mara ya kwanza, baada ya hapo unapeleka mtupu unachukua uliojaa. Hakikisha risiti imeandikwa namba ya mtungi, na angalia begani kuna tarehe ya kupimwa imegongwa, kama ni ya zamani sana kataa wakupe mwingine, maana kesho ukienda kujaza sehemu nyingine watakukatalia wewe. Angalia pia nyuzi za valvu na regyuleta yako vinakaa pamoja hapo hapo kabla hujaondoka, kuna regyuleta za Kichina ambazo nati yake haikubali mitungi ya kwetu mpaka uwe na adapta, na kutoka Mwanza kurudi Tabora ni zaidi ya kilomita 300, hutaki kugundua hilo ukiwa umeshafika nyumbani. Usifunge tepu ya mafundi bomba eti kuzuia kuvuja, pale kuna washa yake maalum.

Nikaenda nao stendi. Karani wa mizigo akautazama akanitazama mimi, akasema, "Mjomba, hili bomu unalipeleka wapi?" Ana haki, mtungi wa mgandamizo haupaswi kukaa chini ya siti za abiria, na usije ukaufunga kwenye kiroba ukaandika vipuri. Unakuja na lori. Umefungwa kifuniko cha valvu, umefungwa kamba usibingirike. Inachelewa, dereva anapakia pamba huku anashusha saruji kule, unapiga simu mpaka unamchosha, ila unafika.

Kuhusu regyuleta, kuna zile zenye hita ya umeme ya kuzuia kuganda, na nyingi ni za volti 36, zinachomekwa nyuma ya mashine kubwa zenye soketi yake. Mashine ndogo kama yangu haina hiyo soketi, na ukiichomeka hita ya volti 36 ukutani unaiaga. Kwa kazi ndogo za lita 10 kwa dakika isiyo na hita inatosha, ukiona inaanza kutoa barafu unapumzika, na huku kwetu joto linasaidia.

Jambo lingine la CO2 ambalo lilinichanganya, geji haikuambii gesi imebaki kiasi gani. Kwa kuwa ndani ni kimiminika, mshale unakaa pale pale juu, mchana wa joto unapanda na asubuhi unashuka, halafu kimiminika kikiisha unaanguka ghafla ukiwa katikati ya geti la mtu. Dawa ni mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa begani, unapima unatoa, kinachobaki ni gesi. Mimi napima kwenye mizani ya jirani anayeuza asali na karanga, tukishaubeba pale anatania kwamba atanitoza kwa kilo. Kilo moja ya CO2 inatoa lita 500 na kitu za gesi, kwahiyo kwa lita 10 kwa dakika una karibu saa nzima ya kuchomea kwa kilo, na saa nzima ya kuchomea kweli kweli, ukitoa kupima na kukata na kunywa chai, ni kazi nyingi kuliko unavyodhani. Ila funga valvu kila jioni na upake povu la sabuni kwenye maungio, kuvuja kidogo usiku kucha kunamaliza mtungi bila wewe kuchomea kitu.

Kuseti

Kwa skwea paipu ya 1.2 mpaka 1.5, waya wa 0.8 na CO2 tupu, mimi naanzia volti 17 au 18 na spidi ya waya ya kati, halafu nageuza spidi kidogo kidogo huku nasikiliza. Ikiwa sawa inalia kama mihogo ikiwa kwenye mafuta ya moto, mfululizo. Ikigonga gonga na kusukuma tochi nyuma, waya ni mwingi au volti ni ndogo. Ikitoa matone makubwa na kuunguza tipu, volti ni kubwa au spidi ya waya ni ndogo. Kipande cha majaribio kiwe cha bomba hilo hilo unalokwenda kuchomea, usijaribu kwenye pleti. Tipu ikae kama sentimita moja kutoka kwenye chuma, kwa gasilesi rudi nyuma zaidi kidogo. Bomba jembamba sana usivute mshono mrefu, piga nukta, achia, piga nukta.

Upepo ndio usumbufu wa sisi tunaofanyia kazi nje. Kuanzia Juni unapuliza vizuri tu, unapeperusha gesi na mshono unajaa vitundu, halafu unalaumu mtungi. Usiongeze gesi mpaka lita 25, unaimaliza bure na ikizidi inavuta hewa yenyewe. Tundika turubai upande upepo unakotoka. Kazi ya saiti kwenye upepo, chukua gasilesi au rudi kwenye vijiti, wala sio aibu. Na ukifanyia ndani ya chumba fungua madirisha, CO2 ni nzito inakaa chini na inafukuza hewa. Mabomba ya bati la zinki ndio yana moshi mweupe mbaya zaidi, usiku unatetemeka homa, na hayo maziwa tunayokunywa hayatoi kitu kifuani, simama upande ambao moshi hauji, na ikiwezekana saga zinki kwanza huku umevaa barakoa. Giza la kioo cha helmeti liwe namba 10 au 11, na ufunge kola, mwanga wa MIG ulinibabua shingo.

Sasa hivi kazi ya bomba jembamba na bati zote nafanya kwa MIG, geti lililokuwa linachukua siku na jioni yake linaisha mchana na grainda haina kazi kubwa. Chuma chenye kutu, chasisi za trela, vitu vizito vya nje, bado kijiti. Mchanganyiko wa gesi ya agoni na CO2 unaopendwa na watu wa mjini ni msafi kweli, matone yanapungua, ila kwa bei yake na umbali wake sijaona sababu kwa mageti.

Gesi tunaagiza pamoja karakana tatu, lori moja, gharama tunagawana. Kwangu mtungi ukibakiza kilo nne kwenye mizani ya asali napiga simu Mwanza siku hiyo hiyo, na spuli moja ya gasilesi inakaa kabatini haiguswi mpaka lori lichelewe, na linachelewa.